Mzabibu katika Nchi ya Ugogo

Katika kitabu hiki cha jubilei yamekwisha andikwa mengi habari za makanisa, shule na hospitali, na za mapadre, masista na makatekista waliofanya kazi tangu mwanzo. Imetupasa sasa kuandika habari za kitu kidogo, ambacho Wakristo hukiona kila Dominika mkononi mwa padre, wala hawaulizi kimetoka wapi: ndiyo divai ya altare. Kwa ajili hiyo tulikwenda kuvizuru viwanda vidogo vya divai vilivyo kando kando ya mji wa Dodoma. Tuliyaona mashamba, tukaonja divai, tukawasikiliza wakulima. Tuliyoyaona na kuyasikia twayaeleza hapa, na kwanza twaanza na asili yake.

Kila mwalimu wa dini ajua kwamba kinywaji cho chote tu hakifai kwa Misa Takatifu. Sheria ya Kanisa iliyotolewa mwaka 1983, katika kanuni ya 924, yataka divai ya asili iliyotoka katika tunda la mzabibu, nayo isiwe imeharibika. Pombe ya mtama haifai, tembo la mnazi halifai, wala maji ya asali hayafai, hata yakiwa matamu namna gani. Basi wamisionari wa zamani, po pote walipokwenda, walikuwa na shida moja: ama kuichukua divai kutoka mbali, ama kuupanda mzabibu pale pale walipokaa.

Wengi walichagua kupanda. Wamonaki wa Cîteaux katika Ufaransa, ambao nyumba yao ilianzishwa mwaka 1098, walilima mizabibu, na shamba lao liitwalo Clos de Vougeot lajulikana hata leo. Wafransisko waliofungua misioni za California kuanzia mwaka 1769 walipeleka mzabibu kule, na aina moja ya zabibu ikaitwa kwa jina la Misioni. Na hapa Afrika, Mapadre Weupe, ambao shirika lao lilianzishwa na Askofu Lavigerie mwaka 1868, walikuwa na mashamba ya mizabibu huko Maison-Carrée, karibu na mji wa Algiers. Hivyo mzabibu umezoea kusafiri pamoja na msalaba.

Walakini nchi ya Ugogo haikuonekana kuwa nchi ya kukaribisha mgeni wa namna hii. Mvua yake huanza aghalabu mwezi wa Desemba na kwisha Aprili, na kwa kawaida haizidi sana milimita 600 kwa mwaka. Miezi iliyosalia ni jua, upepo na vumbi. Wazee wa Kigogo walipanda mtama na uwele, wakafuga ng'ombe, wakajua njaa. Njaa kubwa ya miaka ya 1917 hata 1920, iliyokuja baada ya majeshi kuichukua mifugo na chakula wakati wa vita, waliiita Mtunya, na jina hilo halijasahauliwa. Tena katika mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta matrekta mengi Kongwa ili kulima karanga katika mashamba makubwa mno. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama tofali, mvua ikakosa, vyuma vikavunjika. Mpango ule uliachwa mwaka 1951, na hasara ilifika kama pauni milioni 36. Watu wengi walisema hapo kwamba nchi hii haitoi kitu.

Mzabibu ulikuja kwa njia nyingine. Prefektura ya Dodoma ilianzishwa mwaka 1935, ikakabidhiwa Wapasionisti, mapadre wa Shirika la Mateso kutoka Italia. Katika Italia mzabibu ni jirani wa kila nyumba. Mtoto hujifunza kuupogoa kama mtoto wa Kigogo ajifunzavyo kuchunga ndama. Misioni itajwayo zaidi katika habari hizi ni Bihawana, karibu na mji wa Dodoma, na mwaka utajwao zaidi ni 1957. Hapakuwa na mashine kubwa wala ekari maelfu. Palikuwa na vijiti vilivyopandwa katika mashimo, samadi ya ng'ombe, maji ya kisima, na watu wenye saburi.

Ikaonekana kwamba ukavu ule ule uliowatesa watu ulikuwa na faida kwa mzabibu. Majani yanapokaa na unyevu siku nyingi, hupata ugonjwa wa ubwiri, na vishada huoza kabla ya kuiva. Hewa kavu ya Ugogo huupunguza ugonjwa huo, na unga wa salfa husaidia. Usiku wa nchi hii, iliyo juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,000, una baridi kidogo, nao mchana una jua kali, kwa hiyo tunda hupata utamu. Tena kuna ajabu nyingine. Katika Ulaya mzabibu hulala wakati wa baridi na kuzaa mara moja tu kwa mwaka. Hapa hakuna baridi ya kuulaza. Mkulima mwenyewe huulaza kwa kuunyima maji, kisha huuamsha kwa kuupogoa, na baada ya miezi kama minne huvuna. Ndiyo sababu Dodoma huvuna mara mbili: mara moja karibu na Februari na Machi, mara ya pili karibu na Agosti na Septemba.

Kutoka misioni mzabibu ukaenda kwa majirani. Wafungwa wa gereza la Isanga waliupanda, wanavijiji wakachukua vijiti, na huko Makutupora, kaskazini ya mji, serikali iliweka kituo cha kuchunguza zabibu na kuwafundisha wakulima. Aina ya zabibu nyekundu yenye jina la Makutupora hulimwa sana mpaka leo. Palikuwa na kampuni ya serikali iliyotengeneza divai kwa wingi, nayo baadaye ikafifia. Wakaja wengine wenye mitaji yao. Pamoja nao vikazaliwa viwanda vidogo, vingine vya mashirika ya kitawa, vingine vya jamaa moja tu nyuma ya nyumba yao. Hivyo vidogo ndivyo tulivyotaka kuviona.

Katika kiwanda cha kwanza tulipokewa kwa salamu ya Kigogo, "Mbukwa," nasi tukaitikia, "Mbukwa." Mwenye kazi alituonyesha jinsi vishada vinavyochaguliwa, vikonyo vikatolewa, na zabibu zikapondwa. Kwa divai nyekundu, maji ya zabibu huachwa pamoja na maganda yake siku kadhaa, yakaumuka na kutoa povu. Rangi yote hutoka katika maganda. Kwa divai nyeupe maganda huondolewa mapema. Kisha maji hukamuliwa, hutiwa katika pipa, hukaa mpaka masimbi yashuke chini, ndipo divai safi huhamishwa pole pole katika chombo kingine. Kilo 100 za zabibu hutoa divai kama lita 60 au 70. Alituambia kwamba sehemu kubwa ya kazi yake ni kuosha vyombo, na ya pili ni kungoja.

Hata tulipoketi kuonja, alitukataza kunywa upesi. Kwanza tuliinua bilauri kwenye mwanga tuone kama divai ni angavu, kisha tukanusa, kisha tukatia kinywani kiasi kidogo. Alianza na nyeupe, akafuata nyekundu kavu, akamaliza na tamu. Mwalimu mmoja kati yetu alipoonja ile nyekundu kavu alikunja uso, akauliza kwa upole kama haijaharibika. Mwenye kazi akacheka, akasema, "La, mwalimu. Sukari yake yote imeliwa na hamira ikageuka kuwa nguvu. Hiyo si kuharibika, ndiyo kukomaa."

Siku ya pili, katika kiwanda kingine tusichokitaja, tuliijua tofauti kwa ulimi wetu. Divai tuliyopewa ilichoma koo na kunuka siki. Mwenyewe hakuficha. Pipa lilikuwa nusu, hewa ikaingia, na divai yote ikageuka. Alikuwa amepoteza mavuno ya msimu kwa kukosa kifuniko kizuri na chombo cha kiasi chake. Tulipotoka hapo tulielewa vema zaidi kwa nini sheria yasema divai isiwe imeharibika, na jinsi kazi ya kuilinda ilivyo ngumu kwa mtu mwenye mali haba.

Mwisho tulifika katika shamba la mama mmoja mzee, mwenye ekari moja tu. Ndege walikuwa wengi, na wajukuu zake walikuwa wakiwafukuza kwa makopo. Tulimwuliza faida yake. Akajibu, "Walimu wangu, zabibu si mtama. Mtama hungoja ghalani. Zabibu hazingoji. Mnunuzi asipokuja wiki hii, wiki ijayo nawapa nguruwe." Akatueleza kwamba alisomesha watoto wawili kwa vishada hivi, na kwamba kuna misimu alilia shambani akiviona vikianguka. Maneno yake tuliyasikia tena kwa wakulima wengine: viwanda vikubwa vikijaa havinunui, na mwenye zabibu zilizoiva hana nguvu ya kupatana bei, kwa kuwa siku zinampita.

Twaona hapa jambo lituhusulo sisi sote. Baadhi yetu tumekuta katika parokia divai ya altare iliyoletwa kutoka ng'ambo, nayo hapo hapo nchini zabibu zinaoza. Hatusemi kwamba divai yo yote ya Dodoma yafaa kwa Misa. Maagizo ya Kanisa ya mwaka 2004 yakataza divai iliyochanganywa na vitu vingine, au ambayo asili yake ina mashaka. Basi divai iliyotiwa sukari ya dukani ili iwe tamu haifai altareni, hata ikisifiwa mezani. Na anunuaye kwa ajili ya Misa ashike ile iliyokubaliwa na askofu wake. Lakini divai safi ya zabibu tupu yaweza kutengenezwa hapa, nayo imekuwa ikitengenezwa na watawa kwa miaka mingi. Parokia inayoagiza mapema kiasi inachokihitaji kwa mwaka humpa mtengenezaji mdogo moyo wa kununua pipa jema, naye humnunulia mkulima kabla zabibu hazijaanguka. Na ninyi walimu mlio katika vijiji vya mizabibu mwaweza kuwasaidia wakulima kushirikiana, ili wapate shinikizo moja na mapipa ya pamoja. Kwa maana zabibu zikiisha kukamuliwa na kuhifadhiwa vema, hata zenyewe zitaweza kungoja kama mtama.

Kuna onyo pia, wala halifai kuachwa. Divai ina nguvu kama asilimia 12, yaani hupita pombe nyingi za kienyeji. Arusi ya Kana haikuwa ruhusa ya ulevi, na mzee Nuhu, aliyepanda mzabibu, alipata aibu kwa kutojua kiasi. Tuliona kwa furaha kwamba wale waitengenezao vema hunywa kidogo. Aliyeingojea divai miezi mingi haimalizi kwa saa moja.

Tuliporudi, Dominika iliyofuata, tuliitazama divai ya altare kwa macho mengine. Katika sala ya kutolea, padre husema kwamba divai ni tunda la mzabibu na kazi ya mikono ya watu. Mikono hiyo sasa twaijua. Ni ya wale waliobeba vijiti katika nchi kavu, ya wafungwa waliochimba mashimo, ya yule aoshaye vyombo, na ya mama mwenye ekari moja ambaye wajukuu zake hufukuza ndege. Katika jubilei hii tuwakumbuke wote mbele ya Mungu. Na tukiisha kuwakumbuka, tununue zabibu zao.