Nani Ametembelea Milima Yetu?

Tarehe 21 Aprili mwaka 2025, Hifadhi ya Taifa ya Virunga ilitimiza miaka 100. Kwetu Rutshuru hakuna anayesema "hifadhi". Tunasema parke, na anayeilinda ni askari wa parke, hata kama ni mtoto wa shangazi yako. Hapa Nakivale tuna vijana wengi waliozaliwa kilomita chache tu kutoka ile parke. Nilipowauliza kwenye klabu yetu nani ameshaingia mle kama mtalii, hakuna mkono ulioinuka. Kuingia wameingia: wamepita na gari la Goma, wameokota kuni, wengine wamekimbia usiku kupitia humo. Lakini kama mtalii, hapana. Hata mimi bado.

Kijana mmoja akasema kwa Kiswahili cha kwetu: "Ile pori ni ya bazungu na banyama." Wenzake wakacheka. Naandika haya kwa ajili yake, maana alichosema ni nusu ya historia, na ile nusu nyingine hakuna aliyemfundisha.

Majina ya milima ni ya zamani kuliko parke. Kirunga ni volkano, ndiyo Virunga. Muhabura maana yake ni mwenye kuonyesha njia. Sabyinyo ni mzee mwenye meno makubwa, na ninyi mliopitia Nyakabande pale Kisoro mmeyaona yale meno kwa macho yenu. Karisimbi, wenye mita 4,507, umepewa jina kutokana na simbi, ile kauri nyeupe, kwa sababu asubuhi nyingine kilele chake huamka kimevaa weupe. Mtu hawezi kuupa mlima jina la namna hii kama hajauangalia miaka na miaka. Batwa waliishi ndani ya msitu wenyewe, wakiwinda na kurina asali. Wakulima wa chini walipanda kutafuta mianzi na dawa. Hao hawakuitwa wageni, na safari zao hakuna aliyeziandika kwenye kitabu.

Safari zilizoandikwa zinaanza na bunduki. Oktoba 1902, kapteni Mjerumani Robert von Beringe alikuwa anapanda Sabyinyo, akawapiga risasi gorila wawili, hao tunaowaita ngagi. Mmoja akapelekwa Berlin, na wataalamu wa huko wakampa mnyama jina la aliyemuua: Gorilla beringei. Mpaka leo ndilo jina lake la kisayansi. Hilo huwa linanikwama kooni.

Mwaka 1921 akaja Mmarekani Carl Akeley, fundi wa kutengeneza wanyama waliokufa waonekane kama wazima. Aliwataka ngagi kwa ajili ya makumbusho makubwa ya New York. Yeye na wenzake waliwaua kwenye miteremko ya Mikeno na Karisimbi, na mpaka leo wamesimama kule nyuma ya kioo, na nyuma yao zimechorwa volkano zetu. Kwenye msafara ule alikuwamo mtoto wa kike wa miaka sita kutoka Chicago, Alice Bradley, aliyekuja na wazazi wake. Alipokua akawa mwandishi maarufu wa hadithi, akijificha nyuma ya jina la kiume, James Tiptree. Namtaja kwa sababu moja tu. Mtoto wa miaka sita aliletwa kutoka Chicago mpaka nchi ya volkano zetu zaidi ya miaka 100 iliyopita, wapagazi wakibeba mizigo. Wapagazi nao walikuwa na watoto wa miaka sita nyumbani.

Akeley alipowaona ngagi kwa karibu, moyo wake uligeuka. Akaanza kuomba walindwe. Maombi yalifika kwa Albert, mfalme wa Ubelgiji, ambaye mwaka 1919 alikuwa ametembea Marekani na kuona hifadhi zao. Mfalme huyu alipenda sana kupanda milima, na huko ndiko alikofia: Februari 1934 alianguka kutoka kwenye mwamba huko kwao. Basi, amri ikatoka 1925, ikazaliwa hifadhi ya kwanza ya taifa katika Afrika, ikapewa jina la mfalme. Akeley alirudi mwaka uliofuata, akaugua, akafa Novemba 1926 pale Kabara, juu ya Mikeno. Kaburi lake liko huko.

Mwanzoni parke ilikuwa ndogo, volkano chache tu na ngagi wao. Mwaka 1929 na tena 1935 ikapanuliwa: bonde la Rwindi, mwambao wa ziwa Edward, mpaka theluji ya Rwenzori. Kwenye vitabu jambo hili huandikwa kwa mstari mmoja, "mipaka ilipanuliwa". Mstari huo una vijiji ndani yake. Waliokuwa wakiishi, kulima, kulisha ng'ombe na kuvua humo walitakiwa kutoka, na ugomvi wa ardhi ulioanza siku zile haujaisha mpaka leo. Ukimsikia mzee wa kwetu anasema "hapo palikuwa petu" huku akinyoosha kidole kwenye pori, usidhani amechanganyikiwa.

Watalii wa enzi ile walikwenda hasa Rwindi, kuona tembo, viboko na simba kutoka ndani ya gari. Mkongomani alikuwepo, ndiyo: alipika, alifua, alibeba, alilinda, alionyesha nyayo za mnyama. Kitabu cha wageni hakikumhusu.

Uhuru ulipokuja 1960, upande wa Rwanda ukawa hifadhi ya peke yake. Mwaka 1969 wetu ukaitwa Virunga, na 1979 UNESCO ikauandika kuwa urithi wa dunia. Dian Fossey, ambaye sinema imemfanya ajulikane duniani, alianzia kazi kwetu, Kabara, jirani na kaburi la Akeley, Januari 1967. Miezi michache baadaye vurugu za Kongo zilimtoa, akaenda kuanza upya ng'ambo ya pili, Rwanda. Wachache wanakumbuka hilo: hata yeye alivuka mpaka kwa sababu ya vurugu zetu.

Halafu 1994. Julai mwaka ule, malaki ya watu walivuka kutoka Rwanda mpaka Goma kwa siku chache. Kambi zikawekwa Mugunga, Kibumba, Katale, Kahindo, ubavuni mwa parke kabisa. Ninyi wa mashirika mnajua hesabu ya kuni vizuri kuliko mimi: familia moja, chungu kimoja cha maharagwe, siku moja. Zidisha. Kila siku makumi ya maelfu ya watu waliingia msituni na mapanga. Desemba mwaka huo huo UNESCO iliiweka Virunga kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mpaka leo haijatoka.

Historia nyingi zinawaandika watu wale kana kwamba walikuwa nzige. Hapo mimi nakataa. Mtu anayeishi Nakivale, mama anayeamka saa kumi alfajiri kwenda kutafuta kuni mbali na Base Camp, anajua kuwa maharagwe hayaivi kwa huruma. Ukigawa maharagwe makavu bila kuni, umeshawapeleka watu msituni hata kama hujatamka. Wale nao waliingia kwenye parke, walikuwa wengi kuliko watalii wa miaka mingi wakijumlishwa, na hakuna aliyewaita wageni.

Sasa ile nusu ambayo kijana wangu hakuijua. Mwaka 2010 ngagi wa volkano zile, kwa nchi zote tatu, walihesabiwa 480. Hesabu ya 2015 na 2016 ikatoa 604. Yaani katikati ya vita, makundi ya silaha, na wakata makala, ngagi waliongezeka. Hiyo haikutokea yenyewe. Zaidi ya askari wa parke 200 wameuawa upande wa Kongo. Tarehe 24 Aprili 2020, karibu na Rumangabo, waliuawa 12 kwa siku moja, pamoja na dereva na raia wanne. Karibu wote hao 200 ni Wakongomani, watoto wa Rutshuru, Masisi, Lubero, Beni. Kwa hiyo ukisema pori ni la wazungu, umewafuta hao. Kuna wajane hapa hapa kambini ambao neno hilo litawauma.

Lakini nawaelewa pia wanaosema, tukirudi nyumbani, parke ikatwe tugawiwe mashamba. Kwenye klabu tumebishana jambo hili mpaka giza likaingia. Udongo wa volkano ni mzuri, watu ni wengi, na vita vimewabana kwenye vipande vidogo. Mimi niko upande wa kuiacha. Mito yetu inatoka huko. Bwawa la Matebe, lililozinduliwa Desemba 2015 na kutoa zaidi ya megawati 13, linategemea maji ya mto Rutshuru, na msitu ukiisha sijui nani atauambia mto uendelee. Ila sikubali watu waambiwe walinde kitu ambacho hawaruhusiwi kukiona. Kabla ya korona kufunga milango Machi 2020, kuwaona ngagi upande wa Kongo kulikuwa dola 400. Rwanda, tangu 2017, ni dola 1,500. Lazima pia uwe na miaka 15, kwa sababu watoto huwaambukiza ngagi mafua. Hiyo naikubali kabisa. Bei ndiyo inayotufanya tuwe majirani wa nje ya ua.

Tazama upande huu wa Uganda. Mgahinga na Bwindi zilifanywa hifadhi za taifa 1991, na Batwa wakatolewa msituni, wengi bila kupewa ardhi yoyote. Leo Mgahinga kuna njia ya matembezi ambayo Batwa wenyewe wanawaongoza watalii: wanawaonyesha jinsi moto unavyopekechwa, dawa ya tumbo, pango la Garama walikokutania. Jioni wanashuka, maana kulala huko hawaruhusiwi. Wengine wanaona ni aibu. Wengine wanasema angalau watoto wa Batwa wanasikia majina ya miti kutoka kwa babu zao, pale miti ilipo. Mimi nawasikiliza hawa wa pili, ingawa ile ya kushuka jioni inanisumbua.

Na Bakonzo wa Rwenzori wana kisa chao. Mwaka 1906 mtemi wa Abruzzi kutoka Italia alifika kilele cha juu kabisa, mita 5,109, akakiita Margherita, jina la malkia wake. Mizigo ilipandishwa na wenyeji. Leo vijana wao ndio wanaoongoza wageni kutoka upande wa Kasese, na kazi hiyo inalipa karo za shule. Kilele bado kinaitwa Margherita.

Kwa hiyo klabu yetu imekuja na jambo moja, na ndilo naliweka mbele ya wasomaji wa mashirika. Hatuombi kuona ngagi, bei yao hatuiwezi. Tunataka kupanda Sabyinyo kutoka Mgahinga. Tangu 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa hiyo kwenye dirisha la tiketi tunataka tuhesabiwe kama Waafrika Mashariki wengine. Mlima huo una vilele vitatu kwa upande wa Uganda, unapandwa na kushuka kwa siku moja, sehemu za juu ni za ngazi za miti na kushika kwa mikono. Kilele cha tatu ni mpaka wa nchi tatu. Watalii hupiga picha pale wakisema wako Uganda, Rwanda na Kongo kwa wakati mmoja. Vijana wangu wengine hawajakanyaga Kongo tangu 2012, wengine tangu Bunagana ilipoanguka Juni 2022.

Majina 14 yameshaandikwa, wasichana sita. Barua ya ruhusa tunaiandaa. Kinachokosekana ni gari la kutufikisha Kisoro, na viatu. Namba za viatu ninazo.