Tope la mto linavyotunza ushahidi wa mafuta

Mafuta yakimwagika mtoni, utando unaong'aa juu ya maji hauonekani kwa muda mrefu. Sehemu yake huvukiza, nyingine husombwa na mkondo, na nyingine hushikamana na chembe za udongo na kuzama. Ndiyo maana wataalamu huchunguza mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama chini ya mto.

Wanachotafuta ni haidrokaboni, kemikali zilizoundwa kwa kaboni na haidrojeni pekee. Si zote zinazotokana na uchafuzi. Nta ya majani ya miti, kwa mfano, ina minyororo mirefu ambayo mingi ina idadi witiri ya kaboni, kama 27, 29 au 31. Katika mafuta ghafi, minyororo ya witiri na ya shufwa hukaribia kulingana. Moshi wa kuni na wa magari nao huacha haidrokaboni zenye umbo la pete, na mpangilio wake ni tofauti na wa mafuta yasiyochomwa.

Mfano wa Kalamazoo

Julai 25, 2010, bomba la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na mji wa Marshall, jimbo la Michigan, Marekani. Zaidi ya saa 17 zilipita kabla ya bomba kufungwa. Takriban galoni 843,000, sawa na lita milioni 3.2, zilimwagika na kufika mto Kalamazoo. Yalikuwa mafuta mazito ya Kanada yaliyochanganywa na kimiminika chepesi ili yapite bombani. Sehemu nyepesi ilipovukiza, sehemu ya yaliyobaki ilizama. Mwaka 2013, Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani liliamuru tope lichimbwe na kuondolewa.

Lakini mto unaopita mijini hupokea pia mafuta ya barabarani na viwandani. Bila kutambua asili ya kila tone, haijulikani nani agharimie usafishaji.

Kazi ya bakteria

Bakteria hula haidrokaboni, ila huchagua. Huanza na minyororo iliyonyooka, kisha yenye matawi. Hopani, zilizotokana na bakteria wa kale, ni ngumu sana kuoza. Kwa hiyo hutumika kama kipimo: minyororo iliyonyooka ikipungua kuliko ile yenye matawi na hopani, bakteria wamefanya kazi. Vyote vikipungua kwa pamoja, huenda mafuta yamesombwa tu kwenda kwingine.

Bakteria wanaokula mafuta kwa kasi huhitaji oksijeni, ambayo ni haba ndani ya tope. Huko uozaji huenda polepole mno. Hivyo maji yanaweza kuonekana safi huku mafuta yakiwa bado chini, yakisubiri mafuriko au kasia kuyaibua. Uchunguzi wa kuaminika hulinganisha mashapo ya eneo lililochafuliwa na yale ya sehemu ya juu ya mto, ambako mafuta hayakufika.