Udaku wa John Aubrey

Kila tunaposoma na wanafunzi wetu Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere iliyotolewa mwaka 1969, swali la kwanza aghalabu huwa si la Shylock wala la ratili ya nyama. Huuliza: huyu Shakespeare alikuwa mtu wa namna gani? Alifanya kazi gani kabla ya kutunga michezo?

Safari hii tuliwafungulia kitabu ambacho wasomi hukisoma huku wakicheka, Brief Lives cha Mwingereza John Aubrey (1626–1697). Aubrey alikuwa mtu wa ukoo wenye mashamba aliyefilisika, akawa wa kukaa kwa marafiki. Popote alipokaa alitega sikio. Kuanzia mwaka 1680 hivi alimkusanyia habari Anthony Wood, mwanahistoria wa Oxford, na akaziandika shaghalabaghala, habari kubwa na ndogo pamoja. Kwake tunasoma kwamba mshairi Milton aliitamka herufi R kwa nguvu sana, na kwamba aliamka saa kumi alfajiri asomewe Biblia ya Kiebrania, maana alikuwa kipofu. Tunasoma pia kuwa mwanafalsafa Francis Bacon alinunua kuku, akamjaza theluji ili aone kama nyama haitaoza, akapatwa na baridi iliyomuua mwaka 1626.

Porojo? Huenda. Lakini Aubrey anamtaja aliyemsimulia: Thomas Hobbes, aliyewahi kumwandikia Bacon. Isitoshe, katika barua yake ya mwisho Bacon mwenyewe anataja jaribio la kuhifadhi miili isiharibike. Kuku hamtaji.

Kuhusu Shakespeare, Aubrey ana habari mbili ambazo hazina uzito sawa. Ya kwanza aliipata kwa majirani: kwamba baba yake alikuwa mchinjaji, na kijana William kila alipochinja ndama alitoa kwanza hotuba ya kishujaa. Wanafunzi waliipenda mno hii. Mmoja aliandika katika insha kwamba damu iliyojaa katika tamthilia zake ilitoka buchani. Ni insha nzuri, ila kumbukumbu za mji wa Stratford zinaonyesha kuwa mzee John Shakespeare alikuwa mtengenezaji wa glavu za ngozi.

Habari ya pili ni fupi na haichekeshi: kwamba katika ujana wake Shakespeare aliwahi kuwa mwalimu wa shule huko mashambani. Hiyo Aubrey aliipata kwa mzee William Beeston, ambaye baba yake, Christopher, aliigiza pamoja na Shakespeare mwaka 1598. Hakuna hati inayoithibitisha. Hata hivyo imepita katika mikono miwili tu, na yote ni mikono ya watu wa jukwaani. Beeston alifariki mwaka 1682. Angechelewa kidogo Aubrey, mlango huo ungefungwa.

Basi tumebadili zoezi la muhula huu. Kila mwanafunzi atamtafuta mtu aliyemfahamu mwandishi mmoja wa Kiswahili, awe jirani, mwanafunzi wake wa zamani au mpiga chapa, na kuandika anayoambiwa, hata yakiwa ya udaku. Pembeni mwa kila habari ataandika nani kasema, na yeye aliijuaje. Insha isiyo na safu hiyo ya pembeni hatutaisahihisha.