Madame de Montespan na Padri wa Parokia

Tunaposoma historia ya Kanisa la Ufaransa katika karne ya 17, twakaa sana juu ya Bossuet na mahubiri yake. Leo twataka kumtazama mwanamke mmoja wa nyumba ya mfalme, pamoja na padri mdogo ambaye vitabu havimtaji sana.

Françoise-Athénaïs aliolewa na marquis de Montespan mwaka 1663. Miaka michache baadaye akawa suria wa mfalme Louis XIV. Mfalme alikuwa na mkewe wa ndoa, malkia Marie-Thérèse; bibi naye, mumewe alikuwa hai. Mwaka 1673 mfalme alipowatangaza watoto wao watatu kuwa wake kwa sheria, jina la mama halikuandikwa, maana mbele ya sheria mume angaliweza kuwadai. Lakini bibi huyo hakukaa pembeni. Alikuwa na akili kali na ulimi wa kuchekesha. Aliwategemeza Racine na Boileau. La Fontaine alimtolea kitabu cha hadithi zake mwaka 1678. Mfalme alimjengea jumba la Clagny. Mwenye kutafuta cheo alijua mlango wa kubisha hodi.

Basi, siku za Pasaka ya 1675 alikwenda kuungama kwa Padri Lécuyer, wa parokia ya Versailles. Padri akamnyima maondoleo. (Si padri aliyeitoa habari hiyo nje: bibi mwenyewe alikwenda kumlalamikia mfalme.) Mfalme akamwita paroko, paroko akasema msaidizi wake ametimiza wajibu. Akamwuliza Bossuet, mwalimu wa mwanawe mrithi; jibu likawa lile lile. Mfalme akakubali. Bibi akaondoka, naye mfalme akaenda vitani Flandria. Mwezi wa Juni mwaka ule ule, Louise de La Vallière, aliyekuwa suria kabla yake, aliweka nadhiri kwa Wakarmeli wa Paris. Bossuet alihubiri, na malkia alikuwapo.

Lakini vita vya mwaka ule vilipokwisha, wawili wale wakarudiana. Watoto wengine wawili walizaliwa, 1677 na 1678. Wengine husema basi Padri Lécuyer alishindwa. Sisi hatukubali. Yeye hakuulizwa mambo ya kesho; aliulizwa kama mwungamaji huyu, siku ile, ataka kuiacha dhambi yake.

Baadaye nguvu za bibi zilipungua. Kesi ya sumu iliyoanza 1679 ililichafua jina lake. Na malkia alipokufa mwaka 1683, mfalme alimwoa kwa siri Madame de Maintenon, yule yule ambaye Montespan alimweka kulea watoto wake. Mwaka 1691 akaacha kabisa nyumba ya mfalme, akaishi kwa toba na sadaka hadi kufa kwake mwaka 1707. Saint-Simon asimulia kwamba mwungamishi wake wa wakati ule, Padri de La Tour, alimdai jambo moja gumu: amwombe mumewe msamaha, na kujitoa kumrudia. Akamwandikia. Mume akajibu kwamba hataki kumpokea, wala kumwamuru neno lolote, wala kusikia habari zake tena.