Siku ya Kumi na Moja ya Novemba

Kila mwaka ifikapo tarehe 11 Novemba, watu wa Uingereza na wa nchi nyingi zilizokuwa chini yake husimama kimya kwa dakika mbili. Huwakumbuka waliokufa katika vita, tangu Vita Vikuu vya Kwanza vya mwaka 1914 hadi 1918. Desturi hiyo ilianza mwaka 1919, kwa amri ya Mfalme George wa Tano. Leo twataka tuitazame siku hiyo tukiwa hapa Dodoma, katika nyanda za juu za katikati, na tujiulize swali moja: je, vita hivyo vilikwisha lini huku kwetu?

Kwanza tueleze asili ya siku yenyewe. Mapatano ya kusimamisha vita yalitiwa sahihi ndani ya behewa la gari la moshi, katika msitu wa Compiègne, nchi ya Ufaransa, mwaka 1918. Sahihi zilitiwa alfajiri, yapata saa kumi na moja na robo kwa hesabu yetu. Bunduki ziliamriwa kunyamaza saa tano asubuhi, saa ambayo Wazungu huihesabu kuwa ya kumi na moja. Ndiyo maana wao hupenda kusema kwamba vita vilikoma saa ya kumi na moja, siku ya kumi na moja, mwezi wa kumi na moja.

Lakini amri hiyo haikufika Afrika siku ile. Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa majeshi ya Wadachi, ndio Wajerumani, alikuwa amevuka mto Ruvuma tarehe 25 Novemba 1917 akaingia Msumbiji. Baadaye alirudi akapita kusini-magharibi ya nchi yetu, akafika katika nchi ambayo leo huitwa Zambia. Huko porini habari za mapatano zilimfikia siku kadhaa baada ya kutiwa sahihi. Aliweka silaha chini tarehe 25 Novemba 1918 katika mji wa Abercorn, ambao siku hizi huitwa Mbala. Alikuwa na Wadachi 155 na askari Waafrika 1,168, pamoja na wapagazi na wanawake waliofuatana na jeshi. Basi tayari tuna tarehe mbili za mwisho wa vita, na baina yake zimepita siku 14.

Sasa tuje Ugogo. Reli ya kutoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na penye reli jeshi hupita. Mwezi wa Aprili 1916 majeshi ya Jenerali van Deventer, yaliyokuwa upande wa Waingereza, yalitwaa Kondoa Irangi. Kutoka huko yalishuka kusini, na tarehe 29 Julai 1916 yakaingia Dodoma. Wadachi walirudi nyuma. Kwa mtu aliyesoma habari hizi gazetini huko Ulaya, mambo ya Dodoma yalikuwa yamekwisha: mji umetwaliwa, jeshi limesonga mbele.

Mwenyeji wa Ugogo hakuona hivyo. Nchi hii hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, nao si wa kutegemewa. Watu hulima mtama na uwele, wakaweka nafaka ghalani. Na ng'ombe ndio akiba yao. Shamba likikosa, ng'ombe hubadilishwa kwa chakula kilichotoka mbali. Kwa hiyo mtu aliyenyang'anywa nafaka na ng'ombe alinyang'anywa chakula cha mwaka huu na cha mwaka ujao pia. Majeshi ya pande zote mbili yalihitaji nyama, nafaka na watu, na mahitaji yote hayo yalichukuliwa hapa hapa. Kwanza walichukua Wadachi, kisha wakachukua Waingereza.

Watu wenyewe walichukuliwa ili wawe wapagazi. Farasi na nyumbu walikufa kwa ugonjwa uletwao na mbung'o, na njia za magari hazikuwako. Basi risasi, unga na dawa vilibebwa vichwani. Hesabu za serikali ya Uingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 95,000 waliokufa upande wake, na wengi wao hawakuuawa kwa risasi. Waliuawa na kuhara, homa na njaa. Jina la Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam, latokana na kikosi hicho cha wapagazi. Leo maelfu ya watu hununua na kuuza pale kila siku, na wachache hukumbuka jina hilo lilikotoka.

Kijana aliyekwenda kubeba mzigo hakuwako kulima. Basi mavuno yalipokosa, ghala zilikuwa tupu, mazizi yalikuwa matupu, na mikono ya kazi ilikuwa mbali. Njaa iliyoingia mwaka 1917 iliendelea hadi mwaka 1920. Wagogo waliiita Mtunya, maana yake kunyang'anyana. Wanahistoria wamekadiria kwamba katika watu wapatao 150,000 wa Ugogo, walikufa 30,000, yaani mtu mmoja katika kila watano. Tena katikati ya njaa hiyo, mwishoni mwa mwaka 1918, maradhi ya mafua makali yaliyoenea duniani kote yakafika Afrika ya Mashariki, yakawakuta watu wamekwisha dhoofika.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo, ziumiazo ni nyasi. Lakini nyasi huota tena mvua inyeshapo, mtu haoti.

Basi tukiulizwa vita vilikwisha lini, twaweza kujibu kwa namna tatu. Kwa Ulaya, tarehe 11 Novemba 1918. Kwa majeshi ya Afrika ya Mashariki, tarehe 25 Novemba 1918. Kwa mama wa Ugogo, vilikwisha siku alipovuna mtama wa kutosha watoto wake, na siku hiyo hakuna aliyeiandika. Mapatano hutiwa sahihi, bali njaa haina wa kuitilia sahihi ikome.

Hatusemi haya ili kuidharau siku ya 11 Novemba. Yafaa kuwakumbuka wafu, na askari wamekumbukwa: sanamu yao yasimama Dar es Salaam tangu mwaka 1927, na Tanzania huwakumbuka mashujaa wake tarehe 25 Julai. Lakini Mtunya haina siku yake katika kalenda. Imebaki jina tu, nalo jina hulindwa na kinywa. Walioiona kwa macho wamekwisha kufa wote. Waliobaki ni wajukuu waliosimuliwa. Ninyi wanafunzi mlio karibu na wazee hao, waulizeni wangali hai, mkaandike watakayowaambia: jina la kijiji, jina la babu aliyechukuliwa kubeba mzigo, na kama alirudi.