Zana za msingi za Unix: Zikae wapi?

FUNDI wa kompyuta wa Shinyanga, Kahama au Geita anayehudumia seva ya ofisi hana budi kujua jambo moja kabla umeme haujakatika ghafla na kuharibu mafaili: zana za kuutengeneza mfumo zimehifadhiwa wapi. Asipojua, huenda akalazimika kumtafuta mtaalamu Dar es Salaam, mwendo wa takriban kilomita 1,000 kutoka Shinyanga.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux, programu hukaa katika saraka maalumu. Kwa desturi, /bin huwa na zana ambazo kila mtumiaji huzihitaji, kama vile ls ya kuorodhesha mafaili na cp ya kuyanakili. Saraka ya /sbin huwa na zana za msimamizi, mathalani fsck inayokagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili katika diski. Programu nyingine nyingi huwekwa /usr/bin.

Mgawanyo huo ulitokana na uhaba wa nafasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Ken Thompson na Dennis Ritchie walipokuwa wakiijenga Unix katika maabara za Bell nchini Marekani, diski ya kwanza ilijaa. Baadhi ya programu zikahamishiwa diski ya pili, /usr, iliyokuwa ya mafaili ya watumiaji. Hata hivyo, amri ya mount, ambayo huiunganisha diski hiyo na mfumo, haikuweza kuwekwa humo. Ilipaswa kubaki katika diski ya kwanza.

Mchimbaji mdogo wa Nyarugusu, mkoani Geita, ataielewa hoja hiyo upesi: nyundo na moko hushuka naye duarani, ilhali karasha hubaki juu.

Kwa miaka mingi kanuni hiyo iliwafaa mafundi. Diski ya /usr ilipoharibika, zana za /bin na /sbin ziliwawezesha kuiwasha mashine na kuanza matengenezo. Siku hizi Linux nyingi huanza kwa mfumo mdogo unaopakiwa katika kumbukumbu ya kompyuta, nao huiunganisha /usr mapema. Ndiyo maana Fedora 17 ya mwaka 2012 ilizihamishia zana zote /usr, na Debian 12 ya mwaka 2023 haikubali tena mpangilio wa zamani. Humo, /bin imebaki kuwa kiungo tu kinachoelekeza kwenye /usr/bin. FreeBSD, kwa upande wake, bado inazitenganisha, tena ina saraka ya /rescue yenye zana za dharura.

Msimamizi wa seva ya Linux azingatie mambo matatu. Asikifute kiungo cha /bin, kwani programu nyingi zinazoitafuta /bin/sh zitakwama. Programu anazoziongeza mwenyewe aziweke /usr/local/bin. Na kwa kuwa /usr sasa imebeba karibu zana zote, awe na flashi ya kuwashia mashine, aliyoiandaa na kuijaribu kabla ya siku ya dharura.