Rundo la Mihogo na Siku ya Mwisho ya Jua

Serikali ya kikoloni ilihimiza mhogo nchini Uganda uwe akiba ya njaa, lakini kuuondolea sumu mhogo mchungu ilikuwa kazi ya jikoni. Kuanzia Aroi hadi Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, mihogo humenywa, ikaanikwa kidogo, kisha ikavundikwa: hurundikwa na kufunikwa mpaka ipate joto na kuota ukungu. Baada ya siku tatu au nne ukungu hukwanguliwa kwa kisu, mihogo ikapondwa na kuanikwa juu ya miamba hadi ikauke kabisa, ndipo isagwe kuwa unga wa ugali uitwao enyasa. Ukungu huo si uchafu, ni ufundi. Watafiti waliochunguza marundo ya namna hii Tororo katika miaka ya 1990 walikuta humo kuvu kama Neurospora na Rhizopus. Kuvu hizo huulainisha mhogo, vimeng'enya vya mhogo wenyewe vikakutana na sumu, na sianidi ikatoka. Mahali ambapo mhogo mchungu haukuandaliwa ipasavyo, kama Tarime, Tanzania, mwaka 1985, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo.

Atakayepinga ana hoja nzito. Mwaka 1961 wachunguzi wa Uingereza, wakitafuta kilichoua bata mzinga zaidi ya 100,000, waliipata kuvu ya Aspergillus flavus katika karanga za Uganda. Sumu yake ndiyo aflatoksini, ambayo leo tunaiita sumukuvu. Mwaka 1970 ikachapishwa taarifa ya kijana wa Uganda wa miaka 15 aliyekufa kwa ugonjwa wa ini. Mihogo iliyoliwa kwao ilikuwa na sumukuvu miligramu 1.7 kwa kilo. Ini huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kinachong'ang'ania vinasaba, ndiyo maana huleta saratani, na kupika hakuiondoi. Hata hivyo, ushahidi huu haulihukumu rundo, kwa kuwa kuvu si moja. Kuvu za rundo hustawi kwenye mhogo mbichi wenye maji, kwa siku chache. Aspergillus flavus hupata nafasi kwenye makopa yasiyokauka vyema, yaliyofungwa guniani na kuachwa wiki kadhaa. Kinachozitenganisha ni jua. Anayeuza gunia lenye unyevu ameikata mila kabla haijakamilika, na anayeshauri rundo liachwe anairudisha sianidi mezani. Cha kulinda ni ile siku ya mwisho juu ya mwamba, mpaka kipande kivunjike kwa mlio mkavu.